Kuinua na Kushikilia: Mzigo, Gari na Jeki katika Maniema ya Kusini

Historia ya uchukuzi katika Maniema ya kusini, yaani nchi ya Kasongo na Kabambare iliyo kati ya mto Lualaba na njia ziendazo ziwa Tanganyika, kwa kawaida huandikwa kwa kuuliza ni nani aliyeubeba mzigo, kwa ujira gani au kwa mateso gani, na swali hilo linastahili uzito wote linaopewa. Liko hata hivyo swali jingine, dogo kwa sura yake, ambalo linawahusu watu walewale na barabara zilezile: mzigo ukishainuliwa, ni kitu gani kinachoushikilia usianguke? Kuinua ni kazi ya dakika chache, na inaweza kufanywa kwa nguvu za mikono au kwa ufundi wa mashine. Kushikilia ni kazi ya saa nyingi, na anayeifanya hana budi kuitegemea ardhi. Fundi wa leo anayelala chini ya gari mjini Kasongo amerithi kazi hizi mbili zote, na ajali nyingi za gereji hutokea pale kifaa cha kuinulia kinapoachiwa pia kazi ya kushikilia.

Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwa kupitia Tabora na Ujiji ilivuka ziwa hadi Mtoa, ikapita Kabambare na kuishia Kasongo na Nyangwe, miji ambayo biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliikuza hata ikawa makao ya wakubwa kama Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Kipimo cha mizigo kilikuwa frasila, ambayo ni ratili 35, au karibu kilo 16, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili. Mpagazi aliyebeba kilo 32 kwa saa kadhaa aliogopa zaidi kuutua mzigo kuliko kwenda nao, kwa sababu kila alipoutua chini ilimpasa kuinama na kuunyanyua upya, na nguvu iliyopotea hapo haikumsogeza mbele hata hatua moja. Ndiyo maana mitumba ya nguo ilifungwa kwa umbo refu na kukazwa kwa fito zilizojitokeza nje ya kitambaa, ili mtumba uweze kusimamishwa na kuegemezwa mtini pasipo kuinama, na nguo zisiguse unyevu wa ardhi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ujiji kati ya 1857 na 1859, aliueleza ufungaji huo kwa kirefu. Zile fito hazikuinua chochote. Zilishikilia tu, na kwa maana hiyo ni haki kuzihesabu kuwa stendi za kwanza (vifaa vya kushikilia mzigo uliokwisha kuinuliwa) kufika Maniema.

Vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya wakubwa hao viliikabidhi njia hiyo kwa Dola Huru ya Kongo, iliyotwaa Nyangwe na Kasongo mwaka 1893 na Kabambare mwanzoni mwa 1894, lakini havikumpunguzia mpagazi mzigo wake, kwa kuwa vituo vipya vya serikali navyo vilitaka kulishwa na kupelekewa bidhaa kwa vichwa na mabega ya watu. Badiliko la kweli lilikuja kwa reli. Njia ya Kindu hadi Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355, ilikamilishwa mwishoni mwa 1910, ikavipita vizuizi vya mto Lualaba ambavyo meli hazikuweza kuvivuka, na pamoja nayo ukaja utaratibu wa kazi ambao wafanyakazi wa reli huufuata popote duniani: behewa lililoanguka huinuliwa kidogokidogo kwa jeki, na kila linapopanda kiasi cha unene wa taruma moja, mataruma hupangwa chini yake kwa kupishana, safu moja ikienda kwa urefu na inayofuata kwa upana, hadi uzito wote uhamie kwenye rundo na jeki ibaki haina kazi. Rundo la namna hiyo, likipangwa vizuri, halina kitu cha kuvuja wala cha kuteleza, nalo ni bora hadi leo kuliko stendi nyingi za chuma zinazouzwa madukani.

Jeki yenyewe ina historia ndefu iliyotokea mbali. Jeki ya skrubu, ambayo huinua mzigo kwa kuzungusha mlingoti wenye hesi, hushikilia kwa msuguano: hesi zikiwa zimelala vya kutosha, uzito hauwezi kuuzungusha mlingoti urudi nyuma. Jeki ya mafuta ni ya kizazi kingine. Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya shinikizo la maji mwaka 1795, na Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki inayotumia kanuni hiyohiyo mwaka 1851. Pampu nyembamba husukuma mafuta kidogo chini ya pistoni pana, na kwa kuwa kanieneo ni moja kila mahali ndani ya mafuta, nguvu ya mkono mmoja hugeuka kuwa nguvu ya kuinua tani. Faida hiyo ina gharama yake: mzigo unashikiliwa na mafuta yaliyofungiwa kwa vali na kwa sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasipenye, na pete hiyo ikichakaa au punje ya mchanga ikiingia kwenye vali, gari hushuka, mara polepole na mara kwa ghafla. Jeki ya aina hii hutengenezwa kwa ajili ya kuinua, na kuiachia mzigo kwa siku nzima ni kuitwisha kazi isiyo yake.

Malori yaliingia Maniema kwa kufuata mazao. Amri ya Februari 1917 iliruhusu utawala wa Kibelgiji kuwalazimisha wanavijiji kulima kwa hadi siku 60 kwa mwaka, na pamba na mpunga vilivyotokana na kazi hiyo havingefika kwenye reli na mto bila barabara, ambazo nazo zililimwa na kutunzwa kwa nguvu za wanavijiji haohao. Ikawa kwamba kijana aliyechimba barabara akawa pia, akibahatika, utingo wa lori linalopita juu yake. Chombo cha utingo kilikuwa kabari, kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja, ambacho alikaa nacho tayari nyuma ya lori ili akiingize chini ya gurudumu pindi lori lilipokwama kilimani na breki zikishindwa kulizuia. Springi ilipovunjika njiani, lori liliinuliwa kwa jeki na kuwekewa magogo yaliyokatwa papo hapo porini, na kazi ikaendelea. Mvule na miti mingine migumu ilipatikana bila bei katika nchi ambayo chuma kilisafiri majuma mengi kabla ya kufika.

Gereji zenye vifaa kamili zilikuwa mali ya makampuni ya madini, ya wanunuzi wa pamba, ya misheni na ya serikali, na humo ndimo vijana walimojifunza kazi chini ya nidhamu kali. Urithi huo ulidhoofishwa na mambo mawili. La kwanza ni hatua ya Novemba 1973, ambapo serikali ya rais Mobutu ilitwaa biashara na mashamba ya wageni na kuyagawa kwa raia, ambao wengi wao hawakuwa na mtaji wala mikopo ya kuagiza vipuri. Malori yakasimama, na mafundi wakajifunza kuishi kwa kung'oa kifaa katika gari moja ili kuliokoa jingine. La pili ni vita vya 1998 hadi 2003, vilivyoikata reli ya kwenda kusini na kuzifanya barabara za Kasongo na Kabambare zipitike kwa baiskeli tu, zile ziitwazo kinga katika Kiswahili cha huko, zikisukumwa kwa mkono zikiwa na magunia ya mpunga na madumu ya mawese. Kwa miaka kadhaa uchukuzi ulirudi kwenye mwili wa mtu, na hata baiskeli hiyo ikahitaji fimbo ya kuitegemeza kila msukumaji alipopumzika, jambo ambalo wapagazi wa Tippu Tip wangelitambua mara moja.

Magari yaliporudi, hasa baada ya mgodi wa dhahabu wa Namoya katika wilaya ya Kabambare kuanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, yalikuta mafundi wengi na stendi chache. Stendi ya jeki ni kifaa chepesi kuelewa: kitako cha miguu mitatu au minne, na mlingoti unaopanda ndani yake na kuzuiliwa ama kwa pini nene inayopenya matundu, ama kwa meno yanayokamatwa na ulimi wa chuma. Ya pini hupanda kwa hatua kubwa na huudhi kidogo, lakini jicho linaona wazi kama pini imepita upande wa pili. Ya meno ni ya haraka, ila usalama wake wote umo katika milimita chache ambazo ulimi unaingia kwenye jino. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ililazimika kuwaita wateja warudishe stendi zipatazo milioni 1.7, kwa kuwa zana za kiwandani zilizochakaa zilifanya ulimi usikamate jino sawasawa, na stendi iliyobeba gari iliweza kushuka ikisukumwa. Nchi yenye sheria na viwango ilifikwa na hayo. Mnunuzi wa Kasongo, ambaye mara nyingi hupata stendi iliyokwisha kutumika kwingine, hana mkaguzi ila macho yake mwenyewe, nayo yanapaswa kwenda kwanza kwenye meno, kisha kwenye mishono ya kuchomelea, kisha kwenye miguu kama imepinda.

Uwezo ulioandikwa kwenye stendi nao husomwa vibaya. Tani zinazotajwa mara nyingi ni za jozi, si za stendi moja, na Land Cruiser ya kazi, ambayo huzidi tani mbili ikiwa tupu, hubeba uzito wa ziada wa mizigo ambayo mwenyewe huona uvivu kuishusha kabla ya matengenezo. Mafundi makini hutaka jozi yenye uwezo unaozidi uzito wa gari zima, ingawa wanainua upande mmoja tu. Matofali ya kuchoma, ambayo yako kila ua wa Kasongo na ambayo kwa sababu hiyo hushawishi sana, hayafai kabisa: tofali hustahimili uzito uliotandazwa ukutani, lakini likibanwa na ncha ya chuma hupasuka bila kutoa ishara, tofauti na gogo ambalo hulia na kubonyea kwanza.

Ardhi yenyewe ndiyo mshirika asiyeaminika. Udongo mwekundu wa bonde la mto Luama huwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, na masika unapokea mguu wa stendi hadi kifundoni, mguu mmoja ukitangulia mingine. Ubao mpana wa mvule huwekwa chini ya kila kitako, kabari huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, jeki, au kriki kama mafundi wengi wa huko waiitavyo, hushushwa taratibu mpaka fremu ikae juu ya stendi zote mbili, gari hutikiswa kwa mikono kutoka ubavuni kabla mtu hajaingia chini, na jeki huachwa mahali pake ikigusa fremu bila kubeba kitu. Mvua ikinyesha kazi ikiwa katikati, fundi hutoka na kuzitazama mbao upya, kwa sababu ardhi iliyopimwa asubuhi si ile iliyopo alasiri.