Una Umbo Gani? Stori ya Herufi ⍴

Kila faili la data linaponifikia, kabla sijajumlisha chochote wala kutafuta wastani, huwa naliuliza maswali mawili. Una umbo gani? Na umejaa vitu vya aina gani? Ukitumia NumPy ndani ya Python, maswali hayo yana majina: shape na dtype. Wengi wa rika langu wanadhani mambo haya yalizaliwa na Python. Wapi! Swali la kwanza ni kongwe kuliko wazazi wa baadhi yetu, na liliwahi kuandikwa kwa herufi moja tu ya Kigiriki: ⍴, yaani rho.

Mwenye stori ni Kenneth Iverson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1920 huko Camrose, Alberta. Miaka ya 1950 alikuwa akifundisha Harvard, na alama za kawaida za hisabati zilikuwa zinamkera. Kila tawi lilikuwa na kanuni zake: hapa alama inakaa mbele ya namba, pale inakaa nyuma, kwingine juu. Akaanza kubuni alama zake mwenyewe za kufundishia. Hebu fikiria, hii ilikuwa lugha ya ubaoni, haikuwa ya mashine. Harvard haikumpa ajira ya kudumu. Mwaka 1960 akaenda IBM, na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichoitwa A Programming Language. Herufi za kwanza za jina hilo ndizo zikawa APL. Kufikia 1966, yeye, Adin Falkoff na wenzao walikuwa na APL inayofanya kazi kwenye kompyuta ya System/360.

Kioo cha kutazamia hakikuwepo. Ulikaa mbele ya taipu ya umeme iliyounganishwa na kompyuta kwa laini ya simu. Herufi za taipu zilichongwa kwenye kijimpira, na ukitaka kuandika APL ulitoa kile cha kawaida ukachomeka chenye alama za Iverson. Majibu yalichapwa kwenye karatasi mstari kwa mstari, polepole. Nadhani ndiyo maana ufupi ulikuwa na thamani hivyo.

Sasa tazama rho ikifanya kazi. Ukiandika 3 4⍴⍳12, inachukua namba 1 hadi 12 na kuzipanga kuwa jedwali lenye mistari 3 na kolamu 4. Lipe jedwali hilo jina A, kisha andika ⍴A bila kitu upande wa kushoto. Linajibu: 3 4. Herufi iliyojenga ndiyo hiyo hiyo inayouliza. Orodha ya vitu 12 itajibu 12. Na namba 5 ikiwa peke yake? Inachapa mstari mtupu. Mgeni atadhani mashine imekwama, kumbe hilo ndilo jibu sahihi: namba moja haina upande wa kupimwa. Ukiendelea na ⍴⍴A, yaani umbo la umbo, unapata idadi ya pande: 2 kwa jedwali, 1 kwa orodha, 0 kwa namba pekee. Hapo ndipo nilipompenda huyu mzee.

Kuhusu aina, APL ilikuwa na siri zake. Orodha ya 0 na 1 tupu ilihifadhiwa biti moja moja, nane ndani ya baiti moja. Ukiongeza 2, mashine inabadilisha hifadhi yenyewe, ukiongeza 0.5, inabadilisha tena, na hukuambiwa lolote. Dyalog APL, iliyotoka mwaka 1983, ina ⎕DR ya kuchungulia. Ikijibu 645, soma hivi: biti 64, na tarakimu ya mwisho, 5, inamaanisha namba za desimali.

Katikati ya miaka ya 1990 watu wa Python walijenga Numeric, na walikiri kwamba APL ilikuwa miongoni mwa lugha zilizowapa mawazo. Travis Oliphant akajenga NumPy juu ya msingi huo, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2006. Umbo likabaki, ila aina ikatolewa mafichoni, kwa sababu data ilipaswa kusomwa pia na programu za C na Fortran, ambazo lazima zijue kila kitu kinachukua baiti ngapi. Bei yake ipo. Kwenye orodha ya int8, 127 ukijumlisha 1 unapata -128, kimya kimya. Umbo nalo lina mtego: toa jedwali la mistari 1,000 na kolamu 1 kutoka kwa orodha ya namba 1,000, na NumPy itakupa namba milioni moja bila kunung'unika. APL ya zamani ingekataa papo hapo. Kwa hili, mimi niko upande wa wazee.

Hapa Kenya, mtego ninaokutana nao zaidi ni namba ya simu. Faili la watu wa kutumiwa pesa linasomwa na pandas, ambayo imejengwa juu ya NumPy, na 07 ya mwanzo inabaki 7 tu. Ikiwa mtu mmoja hakuandikiwa namba, kolamu nzima inageuka desimali, na kila simu inapata mkia wa .0. Mashine haijakosea hesabu. Imeamua tu kwamba simu ya mama fulani anayesubiri pesa ya chakula ni kiasi cha kitu, kana kwamba kuna anayetafuta wastani wa namba za simu. Nikiona float64 kwenye kolamu ya simu, pesa haitoki hadi faili lisomwe upya kama maandishi.

Iverson alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1979, na mhadhara wake ulihusu alama kama chombo cha kufikiria. Mwaka 1990, akiwa na Roger Hui, alitoa lugha mpya, J, inayotumia herufi za kibodi ya kawaida. Vijimpira vikapumzika, na rho ikawa $. Kwa hivyo ukiandika $5 kwenye J usitarajie dola tano, bana. Utapata mstari mtupu, kama ule wa kwenye karatasi.