Ukuta Una Mwenyewe: Historia ya Michoro ya Hadharani kutoka Kakapel hadi Chepkoilel

Tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret, makao makuu ya Kaunti ya Uasin Gishu, ulitangazwa rasmi kuwa jiji, ukawa wa tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kila jiji changa hulazimika kuamua litajionyesha vipi kwa wakazi na wageni wake, na sehemu ya uamuzi huo hufanyika kwenye kuta. Michoro ya ukutani, yaani picha na maandishi yanayochorwa moja kwa moja juu ya ukuta au mwamba badala ya turubai linaloweza kuhamishwa, huonekana na kila apitaye bila tiketi wala mwaliko, na kwa hiyo huwafikia watu wengi kuliko kazi nyingi zinazotundikwa ndani ya jumba la sanaa. Makala haya yanafuata historia ya michoro hiyo katika eneo la magharibi mwa Kenya na nchini kwa jumla, yakiishia kwenye barabara inayotoka Eldoret kupitia Chepkoilel kwenda Iten. Hoja yake ni kwamba ukuta una mwenyewe, na kwamba ridhaa ya mwenye ukuta pamoja na fedha ya mnunuzi wa rangi ndizo zilizoamua, katika kila kipindi, kitu gani kichorwe na kidumu kwa muda gani.

Mwamba na nyumba

Michoro ya kale zaidi inayoweza kutembelewa katika ukanda huu haimo mjini. Huko Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda, kuna mwamba ulioinama kama paa ambao uso wake umechorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe. Watafiti wametambua humo mitindo ya vipindi mbalimbali iliyopandana: maumbo ya kijiometri, hasa duara zilizo ndani ya duara nyingine, yanayohusishwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji wa matunda, kisha picha za ng'ombe, ambazo ni ushahidi wa kuingia kwa wafugaji. Mahali hapo palitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004. Katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Viktoria, michoro inayofanana na ile ya kale ya Kakapel ilihusishwa na jamii ya Abasuba na matambiko ya kuomba mvua, jambo linaloonyesha kwamba waliokuja baadaye waliweza kuupa mchoro wa watu waliotangulia kazi mpya bila kuufuta.

Katika nyanda za Uasin Gishu zenyewe urithi wa kale umeandikwa ardhini zaidi kuliko ukutani. Mashimo ya Sirikwa, yaani mabonde madogo ya mviringo yaliyochimbwa kandokando ya vilima na kutumiwa kama mazizi ya ng'ombe, bado yanaonekana sehemu mbalimbali za nyanda hizo, na ndiyo alama kongwe zaidi ambayo mtembezi anaweza kuitambua bila msaada wa mchimbaji wa mambo ya kale. Ukuta uliochorwa uliingia kupitia nyumba ya udongo. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, wanawake waliokandika nyumba kwa udongo na samadi ya ng'ombe walizipamba kuta kwa udongo mwekundu, mweupe na mweusi, na kwa kuwa mvua iliyaharibu mapambo hayo, waliyafanya upya msimu baada ya msimu. Hapo mwenye ukuta, mlipaji na mchoraji alikuwa mtu mmoja, na kufifia kwa picha hakukuhesabiwa kuwa hasara, kwa sababu ujuzi wa kuirudisha ulibaki nyumbani.

Mji wa nambari 64 na kanisa la Murang'a

Ukoloni ulivunja umoja huo. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika katika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908, na mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, ndiyo maana mji uliozaliwa hapo ulijulikana kwa namba hiyo, na kwa miaka mingi wenyeji waliuita Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa rasmi mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Katika mji wa namna hiyo, ambamo ardhi na majengo ya katikati yalimilikiwa na walowezi na wafanyabiashara waliotoka nje, Mwafrika aliyeshika brashi aliandika majina ya watu wengine juu ya milango ya watu wengine.

Mfano mkubwa wa mapema wa msanii wa Afrika Mashariki kupewa ukuta wenye uzito wa kitaifa ulipatikana mbali na hapo, katika kanisa la Anglikana la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kwenye mteremko wa Kilimanjaro na mwanafunzi wa sanaa wa Makerere, alichora humo katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 picha tano kubwa za maisha ya Kristo, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, akimwonyesha Kristo kuwa Mwafrika na kuyaweka matukio hayo katika mandhari ya vilima na mashamba ya Murang'a. Picha hizo zimo ndani ya jengo, wala si za barabarani, lakini umuhimu wake katika historia hii ni mkubwa, kwa kuwa zilithibitisha kwamba ukuta wa taasisi unaweza kubeba maono ya mwenyeji na kwamba kazi inayolindwa na paa na waumini hudumu. Njau alisaidia baadaye kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Katika nchi nyingine jukumu la kuwapa wasanii kuta lilichukuliwa na serikali: nchini Meksiko, tangu miaka ya 1920, wizara ya elimu iliwapa Diego Rivera na wenzake kuta za majengo ya umma ili waichore historia ya taifa mbele ya wananchi ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kenya huru haikuwa na mpango wa namna hiyo, na kuta zake nyingi ziliachiwa biashara.

Mafundi wa mabango na rangi za kampuni

Ndiyo maana shule kubwa ya uchoraji wa ukutani nchini imekuwa duka la mtaani. Fundi wa mabango, yaani mchoraji anayelipwa kuandika jina la biashara na kuonyesha kwa picha kinachouzwa ndani, alichora vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo mbalimbali nje ya kinyozi, ng'ombe mnene nje ya bucha, na kikombe cha chai chenye mvuke nje ya hoteli. Kazi hiyo ilijifunzwa kwa kumtazama fundi aliyetangulia, na ilikuwa na kanuni zake: herufi zilipimwa kwa uzi uliopakwa chokaa, picha ilikuzwa kwa kuigawa katika miraba, kisha kila mraba ukahamishiwa ukutani kwa kipimo kikubwa zaidi, na rangi ya mafuta ikatumika pale palipotarajiwa kuguswa na kuoshwa. Mafundi wa aina hiyo ndio waliopamba pia matatu, hadi kanuni za usafiri za mwaka 2004 zilipoyataka magari hayo yawe na mstari wa manjano, na wengi wa wasanii wa leo wa grafiti, yaani maandishi na picha zinazopulizwa kwa makopo ya rangi, wamerithi kwao ujasiri wa kutumia rangi kali na herufi kubwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale kampuni kubwa zilipogundua thamani ya ukuta wa duka dogo. Kuanzia miaka ya 2000, na hasa ushindani wa simu za mkononi ulipopamba moto baada ya mwaka 2008, mitaa mizima ya miji iliyo kando ya barabara kuu ilipakwa rangi za kampuni za simu, za sabuni, za soda na za rangi zenyewe. Mwenye duka alipata ukuta uliopakwa vizuri bila kulipa, na kampuni ilipata tangazo linaloonekana na kila basi lipitalo. Makubaliano hayo yalikuwa na faida kwa pande zote mbili, lakini yalikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote: ng'ombe wa bucha na vichwa vya kinyozi vilifunikwa, na mkono wa fundi aliyejulikana mtaani ukabadilishwa na alama iliyobuniwa mbali.

Kuta za amani na za madai

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini na ambazo ziliiumiza Uasin Gishu kuliko maeneo mengi, hasa kwa kuchomwa kwa kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret tarehe 1 Januari 2008, ziliupa ukuta kazi nyingine. Huko Kibera, Nairobi, msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, aliandika maneno ya kusihi amani juu ya kuta, milango na mabati, mara nyingi bila kungoja idhini ya mtu yeyote. Mwaka 2012 mpiga picha Boniface Mwangi na wasanii wa grafiti walichora katikati ya Nairobi picha kubwa iliyomwonyesha mwanasiasa kama tai mla mizoga, nao mwaka 2013, kabla ya uchaguzi wa Machi, wasanii waliruhusiwa kulipamba kwa ujumbe wa amani treni lipitalo Kibera. Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, wachoraji wa Kibera na Mathare walifundisha kunawa mikono na kuvaa barakoa kwa picha za mitaani. Katika kipindi hiki chote kinachoonekana wazi ni kwamba grafiti ilihama kutoka kwenye ukuta ulionyakuliwa kwenda kwenye ukuta ulioombwa, kwa sababu msanii aliyetaka ujumbe wake ukae alihitaji mwenye ukuta awe upande wake.

Barabara ya Chepkoilel

Chepkoilel, kaskazini mwa katikati ya Eldoret karibu na barabara ya Iten, ni mahali pazuri pa kujifunzia usomaji wa kuta, kwa kuwa historia yake yenyewe ni ya majina yaliyoandikwa moja juu ya jingine. Mwaka 1946 walowezi walianzisha hapo kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 kikageuzwa kuwa chuo cha ualimu. Mwaka 1990 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2010 kikawa chuo kishiriki. Na mwezi Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Ukiendelea mbele, barabara ya Iten hufika kwenye lango la mji huo, ambalo maandishi yake huwakaribisha wageni katika makao ya mabingwa. Lango hilo limekuwa mahali ambapo wakimbiaji wa dunia nzima hupigia picha, na ni mfano wa jinsi maandishi machache ya hadharani, yakikubaliwa na jamii, yanavyoweza kuutambulisha mji mzima.

Mtembezi anayetaka kuzielewa kuta za eneo hili, iwe katikati ya jiji kwenye Barabara ya Uganda, katika mitaa ya Langas na Huruma, au kwenye vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara ya Iten, atafaidika akizigawa kwa wenye kuta. Ukuta wa shule ya chekechea, wenye herufi, namba, ramani na wanyama, ni kitabu kilicholipiwa na wazazi au mfadhili. Ukuta wa duka lililopakwa rangi moja toka juu hadi chini ni mkataba wa kampuni. Ukuta wa kinyozi uliochorwa kwa mkono ni kazi ya fundi ambaye pengine bado yupo mtaani na anaweza kuulizwa, kwa adabu na kwa ridhaa ya mwenye duka, aliuchora lini na kwa malipo gani. Ukuta wa taasisi ya umma ndio wenye uwezo wa kubeba kumbukumbu ya wote, kama vile uwanja wa michezo wa Eldoret ulivyobeba jina la Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Meksiko za mwaka 1968.

Uhai wa rangi na wajibu wa jiji

Hali ya hewa ya Eldoret haiihurumii rangi. Jiji liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako miale ya jua ni mikali kuliko pwani, na mvua huendelea kwa miezi mingi kuanzia Machi au Aprili hadi Septemba. Plasta mpya ya saruji huhitaji takriban mwezi mmoja kukauka na kutulia kabla ya kupakwa. Ikiharakishwa, chumvi nyeupe hujitokeza na rangi hubanduka. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi na matope mekundu yanayorushwa na matone ya mvua huharibu sehemu ya chini ya picha kwanza, hivyo fundi mwangalifu huacha ukanda wa rangi nyeusi au kahawia chini ya mchoro. Rangi nyingi za bei nafuu za wekundu na manjano mng'avu hupauka mapema, ilhali zile zitokanazo na oksidi ya chuma, yaani madini yaleyale ya udongo mwekundu uliotumika miambani, hustahimili jua kwa muda mrefu.

Sheria nayo ina nafasi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti mamlaka juu ya shughuli za utamaduni na pia juu ya udhibiti wa matangazo ya nje, kwa hiyo mchoro wa ukutani unaweza kuangukia upande wowote kati ya hizo mbili, ukatozwa ada kama tangazo au ukaungwa mkono kama sanaa. Sheria ya hakimiliki humlinda msanii katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini haki ya kunakili picha haimzuii mwenye ukuta kuupaka upya. Jiji la Philadelphia nchini Marekani, lililoanza mwaka 1984 na mpango wa kuwapa vijana wa grafiti kuta halali, leo lina maelfu ya michoro na ziara za kuongozwa, na kilichowezesha hilo ni makubaliano na wenye kuta na orodha inayoeleza kila kazi.

Eldoret una uwezo wa kuanza na orodha hiyo kwa gharama ndogo. Picha ya kila mchoro, mahali ulipo, mwaka ulipochorwa, jina la mchoraji akikubali kutajwa, na jina la aliyelipa, ni mambo ambayo wanafunzi wa chuo kikuu kilichopo Chepkoilel wanaweza kuyakusanya, na wale wa kemia wakapima ni rangi zipi zinazostahimili mvua na jua la nyanda za juu. Wanawake waliopamba nyumba za udongo hawakuhitaji daftari, kwa kuwa kila mmoja wao alijua kuurudisha mchoro wake. Jiji ambalo kuta zake zina wenyewe wengi na wachoraji wasiokaa pamoja linahitaji daftari hilo, na linalihitaji kabla ya koti jipya la rangi ya kampuni, kwa sababu mafundi wengi waliowafundisha wachoraji wa leo hawakuandikwa majina popote isipokuwa juu ya kuta zilizokwisha kufunikwa.