Wagonjwa Ambao Mathari Haikuwaona

Atokaye Mji wa Kale wa Mombasa kuelekea daraja la Nyali hupitia Buxton, mtaa ambao nyumba zake za zamani za manispaa zilibomolewa mwaka 2021 kupisha maghorofa mapya. Mamia ya familia zilihama, na majirani waliozoeana miaka na miaka wakatawanyika. Sisemi kwamba waliohama waliugua. Lakini msiba wa namna hiyo unaweza kumwingiza mtu katika sonona, na kuna wakati madaktari wa serikali waliamini kwamba Mwafrika haujui ugonjwa huo.

Aliyeivumisha imani hiyo ni J. C. Carothers, msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai humo kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, kwa kuwa eti hawana hisia ya kujilaumu. Akafikia hata kumlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo.

Aliwapima watu kwa wale waliofikishwa mlangoni pake. Na nani alifikishwa Mathari? Aliyepiga watu, aliyevunja vitu, aliyekutwa akirandaranda sokoni. Mama wa Mombasa aliyeswali alfajiri kisha akarudi kitandani hadi adhuhuri, sahani ya chakula ikapoa pembeni, akiulizwa akajibu kwamba kichwa kinamgonga na kifua kinambana, huyo hakuwa na askari wa kumkamata. Alipewa dawa ya kichwa. Jamaa walisema ana mawazo, na mambo yakaishia hapo.

Ukweli ulipatikana watafiti walipotoka hospitalini wakaenda vijijini. Mwaka 1979 John Orley na mwenzake walichapisha matokeo ya vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa nyingi huko kuliko katika mtaa mmoja wa London waliolinganisha nao. Mwaka huohuo Profesa David Ndetei na mwenzake walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa akili hufika katika kliniki za kawaida za Kenya wakilalamikia mwili.

Tiba nayo ilijaribiwa hukohuko Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambako ukimwi ulikuwa umeacha vilio katika nyumba nyingi. Watu walikaa katika vikundi kuzungumza, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, mara moja kwa juma, kama saa moja na nusu, kwa majuma 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili. Kila mtu alisaidiwa kutambua huzuni yake ilianzia wapi: kufiwa, ugomvi wa nyumbani, au maisha kugeuka ghafla. Kisha kikundi kilijadiliana naye la kufanya, naye juma lililofuata akaeleza alilojaribu. Hapakuwa na mawaidha wala kuambiwa ajikaze.

Matokeo yalitoka 2003. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya wanavikundi walikuwa na sonona kali. Baada yake, asilimia 6.5. Kwa wasiopata tiba, idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Hoja ya Carothers haikuwa na pa kusimama tena.

Sheria ilichelewa zaidi. Hadi juzi, Mkenya aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kilichomhesabu hivyo kinakiuka katiba.

Basi jirani akitoweka barazani majuma mawili, halali, hali, hana hamu na lolote, mpigie hodi. Mwache aseme, usimkatize. Kisha fuatana naye hadi hospitali. Wodi ya akili ya Mombasa iko Port Reitz, ng'ambo ya Makupa.