Mkimbiaji wa Hamsini na Saba

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya hapa Garissa juu ya historia ya Michezo ya Olimpiki. Niliwaeleza habari za John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyemaliza mbio za Marathoni za Mexico mwaka wa 1968 akiwa wa mwisho. Nilipokwisha kusema, kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alisimama kwa adabu akauliza, "Mwalimu, katika mtihani mtu wa mwisho hatajwi ila kwa aibu. Huyu kwa nini anaandikwa vitabuni?"

Wenzake walicheka, lakini mimi sikuona kichekesho. Swali lilikuwa la haki, nalo halijibiwi kwa maneno mazuri juu ya uvumilivu. Hujibiwa kwa kuieleza habari yenyewe barabara, maana habari ya Akhwari imesimuliwa mara nyingi mno kwa ufupi, na katika ufupi huo mkimbiaji mwenyewe amepotea, ukabaki mguu wake uliofungwa bendeji na sentensi moja aliyoisema.

Akhwari alizaliwa mwaka wa 1938 katika nchi ya Mbulu, nyanda za juu za kaskazini mwa Tanganyika. Kazi yake ilikuwa ukulima. Jambo hili si la kupitwa haraka, kwa sababu siku zile sheria ya Olimpiki ilimkataza mshindani kulipwa kwa ajili ya mchezo wake. Ilimpasa awe mwanamichezo wa ridhaa, yaani mtu aupendaye mchezo na kuishi kwa kazi nyingine. Sheria hiyo ilitungwa na watu ambao riziki haikuwasumbua sana. Kwa bwana mwenye mali ya urithi, kukimbia bila malipo ni burudani, lakini kwa mkulima kila saa ya kukimbia ni saa iliyoondolewa katika jembe. Huku Kenya mambo yalikuwa na nafuu kidogo, maana majeshi yalikuwa yamewalea wakimbiaji. Wilson Kiprugut, aliyeleta medali ya kwanza ya Kenya kutoka Tokyo mwaka wa 1964, alikuwa askari jeshi. Naftali Temu naye alikuwa askari, na Kipchoge Keino alikuwa polisi. Mtu aliyeamka alfajiri Mbulu akakimbia kabla ya kwenda shambani hakuwa na mshahara wa serikali wa kumngojea mwisho wa mwezi.

Sasa twende Mexico. Mji ule umejengwa mahali palipoinuka mita 2,240 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi, kiasi kwamba pumzi moja ya mtu humletea karibu robo pungufu ya oksijeni anayoipata pwani. Kabla ya michezo wataalamu walibishana sana juu ya jambo hilo. Wengine walidai kuwa wakimbiaji wa masafa marefu wangeanguka njiani, na kweli wengi walianguka au kuyumba. Waliokulia milimani ndio waliopata nafasi yao. Tarehe 13 Oktoba 1968 Temu alishinda mbio za mita 10,000, ikawa ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki, na nyuma yake akafika Mamo Wolde wa Ethiopia. Siku saba baadaye, tarehe 20 Oktoba, Keino alishinda mbio za mita 1,500. Siku hiyohiyo, alasiri, watu 75 waliondoka katikati ya mji kuanza Marathoni.

Marathoni ni kilometa 42 na mita 195, yaani maili 26 na yadi 385. Miongoni mwa waliosimama kwenye mstari alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma mwaka wa 1960 miguu mitupu na kushinda tena Tokyo mwaka wa 1964. Kabla ya nusu ya njia mguu wake uliokuwa na maumivu ulimshinda, akatoka. Karibu na mahali hapo, kama kwenye kilometa ya 19, wakimbiaji walikuwa wakisukumana kutafuta nafasi. Akhwari aligongwa akaanguka juu ya barabara ngumu. Goti lilipasuka ngozi na kiungo chake kikateguka, na bega lake pia lilipiga chini. Hata kabla ya hapo misuli ilikuwa imeanza kumkaza kwa sababu ya ule wepesi wa hewa.

Hapo habari ifikapo, wasimulizi wengi huruka moja kwa moja hadi uwanjani. Naomba tusiruke. Kutoka kilometa ya 19 hadi mwisho kuna kilometa 23 na zaidi, yaani maili 14 na ushei. Ni sawa na kutoka hapa sokoni Garissa, kuvuka daraja la Tana, kupita Madogo na kuendelea na barabara kuu ya Nairobi mpaka nyumba za Madogo zimekwisha kusahaulika nyuma, tena kwa mguu mmoja. Akhwari alifungwa bendeji akainuka. Alikimbia kidogo, akatembea, akachechemea, akakimbia tena. Waliokuwa nyuma yake walimpita, kisha hakukuwa na mtu nyuma yake tena.

Mamo Wolde aliingia uwanjani kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, akatwaa dhahabu. Kenji Kimihara wa Japani akawa wa pili na Mike Ryan wa New Zealand wa tatu. Temu, ambaye wiki moja kabla alikuwa bingwa, alifika wa 19. Medali zikatolewa, watu wakaanza kutoka, jua likatua. Zilikuwa zimepita saa moja na dakika tano tangu Mamo alipofika ndipo mtu mmoja mwembamba alipotokea langoni, bendeji ikining'inia mguuni. Waliosalia uwanjani walikuwa elfu chache tu. Walimwona akivuta mguu kuzunguka uwanja, wakasimama, wakapiga makofi mpaka alipovuka mstari. Saa yake ilikuwa 3:25:27. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye akaandikwa wa 57.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aende kuanza mbio, bali ilimtuma akazimalize. Jibu hilo haliandikwi kila mahali kwa namna moja, ila maana yake haibadiliki. Tukumbuke pia kwamba nchi aliyoitaja ilikuwa changa. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1961 na kuungana na Zanzibar mwaka wa 1964. Timu yake ilikuwa ndogo, na nauli ya kila mchezaji ilikuwa jambo la kuhesabiwa.

Nikiri jambo moja kabla sijaendelea. Mimi kama mwalimu nisingemruhusu mwanafunzi wangu akimbie maili 14 na goti lililoteguka. Wakimbiaji 18 waliacha mbio siku ile, na miongoni mwao alikuwamo mkubwa wa wote, Bikila. Hakuna hata mmoja wao anayestahili kulaumiwa, kwani mwili una sheria zake. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoitumia habari hii kuwachapa watoto wagonjwa kwa maneno.

Lakini kosa kubwa zaidi la wasimulizi ni kumwacha Akhwari palepale uwanjani, kama kwamba maisha yake yaliishia kwenye mstari ule. Mwaka wa 1970 alikwenda Edinburgh, nchini Scotland, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ron Hill wa Uingereza alishinda Marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28, na mbio zote zilikuwa za kasi kubwa. Akhwari alikuwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Linganisha na saa yake ya Mexico: tofauti ni zaidi ya saa moja na dakika kumi. Ni kasi kuliko hata saa ya Mamo Wolde aliyoshindia dhahabu, ingawa si haki kuzipima sawasawa, maana Edinburgh iko karibu na bahari na hewa yake ni nzito. Hata hivyo hapana shaka tena: huyu hakuwa mtu dhaifu aliyehurumiwa na watazamaji. Alikuwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa siku zake aliyepatwa na ajali.

Niliyasema hayo yote darasani. Kijana wangu wa dirishani akakubali nusu. Akasema, "Haya, Mwalimu, lakini wote hao ni watu wa milimani. Sisi huku ni watu wa joto, hatukuumbwa kukimbia."

Hapo palinigusa. Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya bahari. Mchana jua hupiga hata makorongo wa sokoni hutafuta kivuli cha ukuta. Lakini historia haikubali kwamba joto ndilo lililowazuia watu wa hapa. Oktoba ile ya 1968, Kenya iliposhangilia dhahabu za Temu na Keino, sehemu hii ilikuwa imetoka katika vita vya shifta vilivyoanza mwaka wa 1963, na mapatano yake yalikuwa yametiwa sahihi Arusha Oktoba 1967, mwaka mmoja tu nyuma. Sheria ya hali ya hatari iliendelea kutawala Kaskazini Mashariki hata baada ya amani, haikuondolewa mpaka mwaka wa 1991. Kijana wa Eldoret aliyependa mbio alikuta shule, uwanja, mashindano ya wilaya na jeshi la kumwajiri. Kijana wa Garissa aliyeonekana akikimbia barabarani alfajiri angeulizwa kwanza anamkimbia nani.

Na siku moja ya mwezi wa Agosti 2021, Marathoni ya Olimpiki ya Tokyo ilikimbiwa katika mji wa Sapporo, kwa kuwa waandaaji waliogopa joto la Tokyo. Eliud Kipchoge wa Kenya alishinda. Nyuma yake walikuwa wakija watu wanne, na karibu na mwisho mmoja wao, Abdi Nageeye wa Uholanzi, aligeuka akawa anampungia mkono rafiki yake Bashir Abdi wa Ubelgiji asibaki nyuma. Nageeye akatwaa fedha na Bashir shaba. Wote wawili walizaliwa Mogadishu, pwani ya bahari, katika joto, na lugha ya mama zao ni ileile inayosemwa katika nyumba nyingi za Garissa. Vita viliwaondoa kwao wangali watoto, wakapata viwanja na walimu Ulaya.

Baada ya siku ile niliona haya kuwafundisha watu mambo ya mbio bila kukimbia mwenyewe. Nikajiandikisha katika Marathoni ya Nairobi, ambayo ilianzishwa mwaka wa 2003 na huwa mwezi wa Oktoba. Kwa miezi mitano nilitoka nyumbani mara tu baada ya adhana ya alfajiri, nikavuka daraja kwenda Madogo na kurudi, nikipishana na mikokoteni ya punda iliyobeba mitungi ya maji. Wenye punda walinisalimu kwa heshima, kisha wakaulizana nimepoteza nini. Ilipofika saa moja na nusu asubuhi ilinibidi niwe nimerudi, la sivyo jua lingenikamata. Jumamosi nilikwenda mbali zaidi, na mara ya kwanza nilipotimiza kilometa 30 nililala mchana kutwa kama mgonjwa, hata jirani akaniletea uji.

Nairobi iko juu mita 1,700 hivi, na mapafu yangu yaliyozoea hewa ya Tana yaliniambia hivyo kabla ya kilometa ya tano. Nilikwenda vema hadi kilometa ya 31, kisha misuli ya paja ikakaza, nikaketi ukingoni mwa barabara. Sitasema kwamba hapo nilimkumbuka Akhwari. Nilikumbuka maji. Mzee mmoja aliyekuwa akikimbia polepole sana alinipita, akaniambia, "Inuka, mwanangu, ukikaa itaganda," naye hakusimama. Nikainuka. Nilifika baada ya saa 4 na dakika 47, wafanyakazi wakikunja meza.

Niliporudi Garissa nilikwenda tena katika darasa lile, nikawaambia saa yangu. Walinipigia makofi. Yule kijana wa dirishani hakupiga. Alikuja mbele akaomba chaki, akaandika ubaoni 4:47, na chini yake 3:25, akatoa. Akaangalia jibu: saa moja na dakika 22.

"Mwalimu," akasema, "huyo wa mwisho alikuwa na goti lililovunjika?"

"Lililoteguka," nikamwambia.

Akasimama kidogo na chaki mkononi. "Na Edinburgh je? Ilikuwa ngapi?"

Nikamtajia, akaiandika chini ya zile mbili, kwa tarakimu kubwa, 2:15.