Kipepeo Mwenye Sura Nyingi na Sindano ya Mama

Katika misitu ya Kakamega, Arabuko-Sokoke na Usambara huruka kipepeo ambaye wanasayansi humwita Papilio dardanus. Dume hutambulika mara moja: manjano hafifu, kingo nyeusi na mkia kwenye kila bawa la nyuma. Jike wa huku kwetu hana mkia, wala hana sura moja. Yuko mweusi mwenye mabaka meupe, yuko wa rangi ya chungwa, na wengi wao wamevaa sare ya kipepeo mwingine mwenye sumu. Ndege aliyewahi kuionja sumu hiyo humwacha apite.

Zamani wataalamu wa Ulaya waliwahesabu majike hao kuwa spishi mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, Mwingereza aliyeishi Cape Town, akaandika kwamba wote ni spishi moja na yule dume wa manjano. William Hewitson, mkusanyaji mashuhuri wa vipepeo, alimpinga. Miaka michache baadaye viwavi waliofugwa Afrika Kusini wakamthibitisha Trimen.

Lakini sura hizo hurithiwaje? Kuanzia miaka ya 1950, Cyril Clarke, daktari wa Liverpool aliyependa kufuga vipepeo, alishirikiana na mtaalamu wa jeni Philip Sheppard kuwapandisha kwa mikono yao. Waligundua kwamba sura ya jike huamuliwa na sehemu moja tu ya kromosomu, na rangi na mabaka hurithiwa kama fungu moja. Fungu likivunjika, binti atazaliwa na nusu sare, na ndege hatadanganyika. Dume naye hubeba jeni hizo bila kuzionyesha. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa sehemu hiyo ndipo ilipo jeni ya engrailed.

Urithi huo ulimkumbusha Clarke makundi ya damu ya Rhesus (Rh), ambayo nayo hurithiwa kama fungu. Mama mwenye Rh hasi akijifungua mtoto mwenye Rh chanya, huenda mwili wake ukatengeneza kingamwili za kuishambulia damu ya mtoto atakayefuata. Mwaka 1960 Ronald Finn, mwenzake Clarke, alipendekeza mama apewe kingamwili zitakazoondoa seli za mtoto zilizoingia katika damu yake kabla mwili wake haujazitambua. Hiyo ndiyo sindano ya anti-D, ambayo hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Anayeuliza kipepeo wa msituni ana faida gani, jibu liko katika wodi ya wazazi.