Nchi Jirani: Mto Tana na Gharama ya Umeme

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mabwawa ya Mto Tana nchini Kenya nayo hayana budi kupewa haki yake. Taifa lililojipatia Uhuru mwaka 1963 lilihitaji umeme wa viwanda, na halikukosea kuutafuta katika mto unaoteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988.

Hata hivyo, kila bwawa lina watu wa juu na watu wa chini, na sifa zake aghalabu huandikwa mjini, taa zinakowaka.

Tangu kale Tana ulifurika mara mbili kwa mwaka, kwa kufuata mvua za masika na za vuli. Maji yalipotandaza udongo wa rutuba, Wapokomo walilima mpunga, mahindi na ndizi. Yalipopungua, Waorma walileta ng'ombe kwenye malisho ya delta. Kila upande uliijua zamu yake.

Bwawa la Masinga liliivuruga kalenda hiyo. Kazi yake ni kuyaweka maji ya mvua ili mitambo iyapate wakati wa kiangazi. Hivyo mafuriko ya kawaida yalipungua nguvu, na tope likanaswa nyuma ya ukuta. Udongo unaomomonyoka kwenye mashamba ya milimani hulijaza bwawa na kulipunguzia nafasi ya maji, ilhali shamba la chini linaukosa. Lakini mafuriko ya maafa hayakukoma: mwaka 2018 na 2024 mabwawa yalifurika, na wananchi wa Garissa na Tana River wakayahama makazi yao.

Ndugu askari, jambo hili linawahusu. Mwezi Agosti na Septemba 2012 Wapokomo na Waorma walipigana katika delta hiyo. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwamo polisi tisa. Hatusemi kwamba bwawa ndilo lililoua. Siasa na visasi vilikuwamo. Lakini ugomvi wenyewe ulihusu mashamba, malisho na njia za kuyafikia maji. Mhandisi akisahau kumpimia mtu wa chini fungu lake la maji, deni hilo huenda likamfikia askari, naye hulikuta limekwisha kuwa moto.

Nasi Tanzania tunalo Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Chini yake wako wakulima, wavuvi na mikoko ya delta. Umeme tunauhitaji. Basi maji ya watu hao nayo yapimwe kwa uangalifu uleule tunaoupimia umeme, na yapimwe mapema, kabla ya askari kuitwa.