Spring Valley kwa Miguu

Aliyepima Spring Valley, kitongoji cha Nairobi, alimpimia mtu mwenye gari. Viwanja ni vipana, nyumba zimejificha nyuma ya ua wa kayaba, na kati ya lango moja na jingine unaweza kutembea kitambo usione pa kununulia kiberiti. Mwenye gari hasumbuki. Akishuka Westlands mara moja kwa wiki, buti linarudi limejaa. Ila nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na kota, chumba kimoja au viwili vya mpishi, yaya, mtunza bustani au askari wa usiku, na mle kotani waliishi watu walionunua sukari ya leo kwa pesa za leo. Sisi tuliokulia humo katika miaka ya 1980 ndio tuliokuwa tukitumwa dukani.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati mbaya. Nairobi ya kikoloni ilimgawia kila mtu upande wake: Wazungu kwenye vilima vya magharibi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki, kule Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Vilima vya Kabete na Kitisuru vilikuwa mashamba ya kahawa ya walowezi, na Mwafrika aliyelala upande huo alilala kwa idhini ya mwajiri wake. Mwanamume mzima alitembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kuuma baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu ambaye makazi yake hayahesabiwi kuwa makazi hajengewi duka wala hapelekewi basi.

Mabasi yalikuwepo jijini. Kenya Bus Service, KBS kwa wengi wetu, ilianza mwaka 1934 ikiwa mali ya kampuni ya Uingereza, ikapewa na baraza la mji haki ya pekee ya kubeba abiria. Mwaka 1966 baraza lenyewe likachukua robo ya hisa. Lakini basi hufuata abiria, na penye gari katika kila uwanja abiria ni wachache. Kwetu sisi basi lilikuwa kitu cha Westlands: unateremka kwa miguu hadi stegi, unapanda, unakata tiketi na kuishika vizuri, maana inspekta angeweza kuingia wakati wowote. Tiketi ile tuliihifadhi hata baada ya safari. Ilikuwa karatasi safi, na mtoto hana karatasi nyingi.

Matatu ndiyo iliyotufikia mlangoni, nayo haikuja kwa ajili yetu. Hadi mwaka 1973 magari hayo yalifanya kazi kwa kujificha, mpaka Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri kwamba yaruhusiwe kubeba watu bila leseni maalumu. Yaliyopita Lower Kabete Road yalikuwa yakienda Wangige, soko la mayai na mboga upande wa Kiambu. Spring Valley ilibahatika kuwa njiani. Nadhani hili watu wa pale hawalikubali kirahisi, kwamba kitongoji cha matajiri kilipata usafiri wa umma kwa hisani ya wakulima wa sukuma wiki.

Na safari yenyewe ilinuka Wangige. Asubuhi gari lilishuka na magunia juu ya keria na trei za mayai mapajani mwa akina mama, nasi tukabanwa katikati, tukionywa tusiegemee. Mtoto wa kupakatwa halipi, hiyo ilikuwa sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Kwa hiyo kulikuwa na mabishano marefu kati ya makanga na mama kuhusu urefu wa miguu ya mtoto. Mama alisema huyu bado mdogo, makanga akanyoosha kidole kwenye magoti yangu yaliyofika kiti cha mbele, abiria wakachukua upande. Mara nyingi mama alishinda, kwa kuwa watu wa Wangige nao walikuwa wamepakata. Ulipovaa sare ya shule mambo yaligeuka. Mwanafunzi alilipa nusu nauli, na makanga aliyekuona umesimama stegini saa moja asubuhi hakukuona.

Maduka yalikuwa kando ya Lower Kabete Road, safu moja fupi. Kaunta ilikuwa moja lakini wateja walikuwa wa namna mbili. Waliokuja kwa gari walichukua vitu vizima: pakiti ya unga wa Jogoo, kopo la Kimbo, mkate mzima wa Elliot's. Tuliokuja kwa miguu tulikuwa na kazi mbili kwa safari moja. Ya kwanza ilikuwa daftari la mwajiri, orodha iliyoandikwa kwa penseli kwa mwandiko ambao sisi hatukuweza kuusoma. Mwenye duka aliisoma kimyakimya, akatoa vitu, akaandika deni la mwisho wa mwezi. Ya pili ilikuwa yetu wenyewe, nayo ilitajwa kwa mdomo na kulipwa kwa sarafu: nusu mkate, au maziwa ya KCC katika ile pakiti ya pembetatu iliyotoboka kona ukiibeba vibaya. Mlima wa kurudi ulikuwa mrefu, na mara nyingine pakiti ilifika imepungua. Lawama zilienda kwa kona.

Nyuma ya kaunta pia mlikuwa na historia. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwapa raia upendeleo katika maeneo na bidhaa fulani, na Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Uingereza waliondoka mwanzoni mwa 1968, kabla mlango wa huko haujafungwa mwezi wa Machi. Kote Nairobi maduka yalibadili mikono. Yetu tuliyakuta yakiwa na wenyewe wapya, lakini desturi ya daftari ilibaki ileile.

Kilichouza kwa kipimo chetu hasa kilikuwa kibanda. Mbao, mabati, dirisha la kuinua kwa fimbo, pale stegini. Sigara moja moja, Kimbo ya kupima kwa kijiko, mafuta ya taa kwa chupa, mandazi ndani ya gazeti. Kilivunjwa, kikasimama tena hatua chache mbele, kikavunjwa tena. Miaka hiyo jiji liliongozwa na tume, kuanzia 1983 hadi 1992, na vibanda vilikuwa vita vya Nairobi nzima; vya mtaa wa Muoroto, Mei 1990, viligeuka ghasia kubwa. Kwetu havikuwa na sauti hiyo. Mama mboga aliokota mbao zake na kungoja siku mbili.

Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983, na watu wakatabiri kifo cha maduka madogo. Sikuona hivyo. Sarit iliwachukua wa gari, lakini hakuna jengo la ghorofa litakalokuuzia kijiko kimoja cha mafuta. Aliyebadilika zaidi ni makanga, baada ya kanuni za waziri John Michuki za Februari 2004: viti 14, mikanda, sare, mstari wa manjano ubavuni. Magunia yakakosa nafasi, na kupakata kukawa kwa wasiwasi.

Leo katika safu ileile ya maduka hukaangwa kahawa nzuri, na kikombe kimoja kinazidi nauli ya Wangige. Ninainywa, lakini sisahau kwamba chini ya ukoloni Mkikuyu wa Kiambu alikatazwa kupanda mibuni ya kuuza hadi miaka ya 1950, huku akiichuma ya wengine. Mtoto hatumwi tena. Simu hulipa kwa M-Pesa na bodaboda hufikisha mzigo langoni. Nyumba za bustani zinabomolewa, magorofa yanapanda, na alfajiri bado kuna watu wengi wanaotembea kando ya lami, pengine pasipo njia ya miguu. Kibanda nacho kipo, kimehamia mkabala na mjengo, kikiuza chai na githeri kwa mafundi. Jengo likikamilika na wapangaji wakaingia, mwenye kibanda huambiwa aondoke, naye huondoka hadi mjengo unaofuata. Kwa sasa mjengo haukosekani.